Cherehani ya Chini ya Turubai

Siku ya kwanza fundi makochi aliyeitwa Shibiri kuingia uani kwa Mama Uani, alikaa kwenye kochi lililovunjika mguu, akafumba macho, akanyamaza. Mama Uani, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza vyombo vilivyotumika, akamtajia bei. Hakujibiwa. Akadhani imemtisha, akaishusha. Kimya. Akaishusha tena huku akizisifia mbao, na yule bwana bado amefumba macho kama aliyekuja kulala. Ilipofika mara ya tatu Shibiri akafumbua jicho moja, akasema, "Sawa, mama." Kumbe muda wote alikuwa anazisikiliza springi. Mama Uani alibaki anajiuliza alikuwa anabishana na nani, maana bei nzima kaikata mwenyewe.

Hapo ndipo alipomtia kichwani. Mwanamke aliyeanza na viti viwili vya plastiki na beseni lililotoboka, kando ya barabara, mpaka akamiliki ua wenye ukuta na geti la chuma, hamsahau mtu aliyemfanya ajipunje.

Jina la Shibiri alipewa na wenzake wa mtaa wa mafundi, kwa kuwa hakuwa na habari na futi. Alipima kila kitu kwa kiganja kilichotanuliwa, kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo, na kitambaa hakikumpungukia. Misumari ya zamani aliing'oa mmoja mmoja, akainyoosha kwa nyundo, akaitumia tena. Alilelewa na dada yake, na sasa walifanya kazi pamoja: kaka anagonga mbao, anafunga springi, anajaza sponji, dada anashona vitambaa vya juu. Alivishona kwa mkono, kwa sindano ya kupinda na uzi wa nailoni, vile vitambaa vizito vigumu kama mkeka. Vidole vyake havikukosa plasta. Akikusalimia unahisi umeshikwa na msasa.

Biashara kati ya Shibiri na Mama Uani iliendelea hivyo miaka kadhaa, huyu akisema sana, yule akikaa kimya. Mama Uani alijifunza kunyamaza naye. Kuna siku walikaa wakitazamana kwa sababu ya kabati bovu mpaka mteja mwingine akaja, akalinunua, akaondoka nalo.

Basi ikafika siku ya kuamkia Krismasi.

Nyumbani kwa Mama Uani zawadi za Krismasi zilikuwa na sheria zake. Kila mtu anatafuta zawadi zake kivyake, anazificha kivyake, na hamwambii mtu, hata mume kwa mke. Raha yenyewe ilikuwa hapo. Wiki nzima kabla ya sikukuu nyumba ilijaa watu wanaotembea kwa kunyata na kufunga milango haraka. Tatizo lilikuwa Binti, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa anamalizia mafunzo ya ushonaji. Binti alikuwa na pua. Alishawahi kuvumbua viatu vyake ndani ya debe la mchele, na mkoba wake juu ya dari. Mwaka uliopita alimpongeza baba yake kwa kuchagua saa nzuri, siku tatu kabla ya kupewa.

Mwaka huu baba yake, dereva wa lori, alisema moyoni kwamba huyu mtoto ataniona. Alipata cherehani safi kwa fundi nguo mmoja aliyekuwa anastaafu, akaileta kwa lori, na akaificha mahali pekee ambapo Binti hagusi kitu, kwa kuwa akigusa anapewa kazi: uani kwa mama yake. Aliisukuma nyuma ya magodoro, akaifunika turubai, akaondoka anapiga mluzi.

Alisahau jambo moja. Kwa mke wake, chochote kilicho ndani ya ule ukuta kina bei.

Mchana wa siku hiyo mtaa ulikuwa umechemka. Watu walipita na mifuko, na keki zilizobebwa kwa mikono miwili kama watoto wachanga. Mama Uani alikuwa anafunga hesabu zake kichwani Shibiri alipoingia. Safari hii hakukaa wala kufumba macho. Alikuwa anazunguka zunguka, anapekua, jasho linamtoka.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Zawadi. Ya dada."

Mama Uani akajua leo ni leo. Mtu anayetafuta zawadi saa za mwisho hana ubavu wa kunyamaza. Akamzungusha kwenye vioo, kwenye pasi, kwenye redio. Huko nyuma ya magodoro Shibiri akainua turubai, na macho yakamtoka. Mama Uani naye alishangaa, ila hakuonyesha. Vitu viliingia na kutoka kila siku. Ataanza kukumbuka kila kilipotokea?

"Hii inashona kitambaa cha makochi?" Shibiri akauliza.

"Inashona chochote," akajibu Mama Uani, "ukiiendesha kwa adabu."

Akataja bei ambayo siku ya kawaida angeona haya kuitaja. Shibiri akalipa, akaibeba begani, akatoka mbio. Mama Uani akamsindikiza kwa macho hadi getini, pale palipoandikwa kwa rangi nyekundu MALI IKITOKA HAIRUDI, akajisikia mwepesi. Kumbe huyu bwana huwa anapigika.

Furaha ile ilikuwa haijapoa vizuri. Mume wake aliingia na karatasi ya kung'aa kwapani na utepe mkononi, anatabasamu peke yake. Akaenda moja kwa moja nyuma ya magodoro. Akarudi bila tabasamu.

"Mke wangu, kulikuwa na kitu pale."

"Kitu gani?"

"Kitu. Chini ya turubai."

"Cherehani? Nimeiuza, tena vizuri. Utapenda mwenyewe."

Dereva akaketi juu ya magodoro, karatasi ya zawadi magotini. "Mama watoto," akasema taratibu, "umemuuzia nani zawadi ya mwanao?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara, Mama Uani alitamani bei aliyoipata ingekuwa ndogo. Binti alikuwa ameshona mwaka mzima kwa kuazima cherehani za wenzake, akisubiri wamalize, akirudi nyumbani nguo haijakamilika. Alikuwa ameshapata mteja wa kwanza, jirani aliyetaka gauni kabla ya mwaka mpya, na kitambaa kilikuwa kimeshakatwa, kimekunjwa juu ya meza.

"Nifuate," akamwambia mumewe. "Na hiyo karatasi ifiche, tusije tukakutana na pua ya mwanao."

Wakafunga geti. Mama Uani mbele, dereva nyuma, wanapenya katikati ya watu kama wanaodaiwa. Njiani wakakutana na Binti mwenyewe, anatoka dukani na vifungo.

"Mama, mbona mnahema?"

"Tunafanya mazoezi," akasema baba yake.

"Na hiyo karatasi?"

"Ya mazoezi."

Wakamwacha amesimama na kicheko mdomoni.

Karakana ya Shibiri ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi. Dada alikuwa ametoka kwenda saluni. Shibiri alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya cherehani, na walipoingia akaifunika haraka kwa gunia, akaweka kiganja juu yake.

Mama Uani akamweleza yote bila kuzunguka: zawadi, mume, Binti, turubai. "Nirudishie, fundi. Chukua pesa yako."

Shibiri akainamia msumari uliopinda, akaugonga, ukanyooka.

"Nakuongezea juu yake."

Akachukua msumari mwingine.

"Na lile kabati la milango miwili."

Ngo, ngo, ngo. Dereva akamtazama mkewe, mkewe akatazama misumari. Alikijua kimya kile, na alijua kinavyokula pesa. Ila leo hakuwa na nafasi ya kukaa kimya naye mpaka apite mteja mwingine. Jua lilikuwa linashuka, na mtoto mwenye pua alikuwa njiani kurudi nyumbani. Akaangaza macho chumbani, na kwenye meza ya dada akaona kitambaa cha kochi, kizito, cha rangi ya kahawa, na sindano ya kupinda imechomekwa hapo.

Akashusha pumzi. "Fundi, nikwambie ukweli. Cherehani hiyo ni ya magauni. Kitambaa hiki haikiwezi."

"Ulisema inashona chochote."

"Nilisema hivyo nikiwa nauza."

"Na sasa?"

"Sasa nanunua."

Dereva akakohoa ili asicheke. Kona ya mdomo wa Shibiri ikatikisika kidogo, basi.

Ndipo Mama Uani akaitoa akiba yake. Stoo kwake kulikuwa na cherehani ya fundi viatu, nzito, ya chuma kitupu, inayopita kwenye ngozi kama inapita kwenye mkate. Alikuwa ameikalia tangu mwanzo wa mwaka. Mwenye karakana kubwa ya viatu alikwishaitaka mara mbili, na yeye alikuwa anangoja arudi mara ya tatu akiwa na uchu zaidi.

"Nakupa ile," akasema. "Hiyo kwa ile. Tusiongezeane."

Nyundo ikatulia. "Na meza yake?"

"Na meza."

"Na sindano za akiba?"

"Wewe, mdogo wangu, huna huruma hata siku ya leo?"

Kimya.

"Na sindano," akasema Mama Uani.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mbio tupu. Wakakodi mkokoteni, wakapakia cherehani ya viatu, dereva akisukuma, Mama Uani akitangulia na kuwafukuza watu njiani. Ile ya magauni wakarudi nayo ndani ya gunia, wakaipitisha mlango wa nyuma wakati Binti anaoga. Dereva aliifunga kwa karatasi ya kung'aa akiwa amepiga magoti chumbani, mkewe akishikilia mlango kwa mgongo na kukata utepe kwa meno. Walikuwa wanacheka kama watoto walioiba sukari. Mama Uani aliapa kwamba hajawahi kupata hasara yenye raha namna ile.

Asubuhi ya Krismasi Binti aliikuta mezani, akasimama, akaizunguka bila kuigusa. Safari hii pua ilikuwa imemwangusha, na uso wake ulionyesha. Alichana karatasi, akaketi, akamkumbatia baba yake, akamkumbatia mama yake, akaketi tena. Akachukua lile gauni la jirani, akaliweka chini ya mguu wa cherehani, akazungusha gurudumu. Halafu akainama.

"Mama, sindano imevunjika."

"Imevunjikaje?"

"Ncha imekatika. Imebaki na uzi." Akauvuta kwa vidole viwili: uzi mnene wa nailoni, rangi ya kahawa.

Mama Uani akauchukua, akausogeza dirishani. Shibiri alikuwa ameshaijaribu kabla wao hawajafika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile na cherehani isiyomfaa, sindano imevunjika, dada yuko njiani kurudi, na getini pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali hairudi. Mwenye mali mwenyewe akaingia mbio, akiomba irudi. Ndiyo maana aliifunika gunia.

Mama Uani akacheka mpaka akakaa chini. Mumewe akauliza kuna nini, akampa ule uzi.

Sikukuu zilipopita akaenda karakana, akauweka ule uzi mbele ya Shibiri. Dada alikuwa kwenye cherehani nzito, inanguruma, kitambaa kinapita, na vidole vyake havikuwa na plasta hata moja.

"Ungesema tu, fundi. Ningekurudishia pesa yako."

"Na ile rangi nyekundu ya getini?" akauliza Shibiri. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyowahi kumwambia.

Mama Uani akauchukua uzi wake, akautia mfukoni, akaondoka. Alihesabu kichwani akitembea kurudi. Yule bwana kapata mashine ya maisha kwa bei ya cherehani ya magauni. Mwenye karakana ya viatu atakuja na kuondoka mikono mitupu. Binti ana cherehani, na gauni la jirani limeshavaliwa. Yeye mwenyewe kapoteza faida ya mwaka mzima, na kapata mfukoni kipande cha uzi. Alipofika akafungua geti, akaenda nyuma ya magodoro, akainua turubai kuangalia kama kuna kitu. Tangu siku ile, kila akifungua geti, huwa anaanzia hapo.