Siku Basi la Netiboli Liliposimama Relini

Enzi zetu pale Itigi, sisi watoto wa kota za reli hatukuhitaji saa ya ukutani. Treni ya kupanda bara ikipiga honi, mama anabandika maji ya ugali. Wewe uliyekulia huko utakumbuka! Tulipanga misumari na vizibo vya soda juu ya reli, tukajificha vichakani tumeziba midomo kwa kicheko, na treni ikishapita tunakimbilia kuokota visu vyetu vidogo vilivyopondwa na magurudumu, vikiwa bado na joto. Mama akiviona anafoka, "Nyie, iko siku hiyo reli itawala!" Halafu jioni anatutuma stesheni na sinia la karanga na chupa za asali tukawauzie abiria dirishani.

Baba yangu alikuwa fundi wa njia ya reli, na mimi nilijifanya ndimi ratiba yenyewe. Watu wazima waliniuliza, "Binti, ya leo imeshapita?" Nami nawajibu huku nakwepa mpira wa rede, wala sikosei. Sifa hizo zilinivimbisha kichwa, na ndizo zilizotaka kutumaliza.

Shule yetu ilikuwa na basi moja kuukuu, viti vimechanika, linanuka dizeli na mbuzi. Dereva wake alikuwa Mzee Ntandu, mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua liwe kali kiasi gani. Kila tukifika kwenye makutano ya barabara na reli alisimama, akazima injini, akatuamuru tunyamaze. Kisha anashuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, anategesha kiganja sikioni, anarudi: "Haya, twende." Sheria ilimtaka asimame akiwa amebeba wanafunzi. Sisi tuliona ni vituko. Wakati wa mapumziko tulikuwa tukimwigiza uwanjani, mmoja ametega sikio, wengine tunagaagaa kwa kucheka.

Sasa ikafika fainali ya netiboli Manyoni. Nilikuwa darasa la sita, mfungaji wa timu. Usiku wa kuamkia safari sikulala. Nilifua raba zangu za turubai nikazipaka chaki ziwe nyeupe. Tukaondoka thelathini na wanne, tumesimama na kukaa, tunaimba mpaka vioo vinatetemeka. Njiani tukapata pancha. Mchezo ulikuwa saa tisa kamili, na tulishaambiwa timu itakayochelewa, wapinzani wake wanapewa ushindi wa mezani. Tairi lilipokaa sawa zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na mbele yetu ilikuwa imebaki reli moja ya kuvuka, pale inapokata kilima na kupinda vichakani.

Mzee Ntandu akapunguza mwendo. Nikaruka juu ya kiti.

"Mzee, vuka tu! Ya kupanda imepita asubuhi, ya kushuka ni kesho!"

Basi zima likadakia. "Vuka! Vuka! Vuka!" Tunapiga viti makofi, vumbi linatimka. Hata Mwalimu Perpetua, aliyetufundisha netiboli, akatazama saa yake akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mzee wangu, watoto wamefanya mazoezi tangu mwaka uanze."

Mzee akazima injini. "Mwalimu, sheria haikusema nisimame nikiona treni. Imesema nisimame." Akanigeukia. "Na wewe binti wa ratiba, njoo tushuke wote uniambie unasikia nini."

Nikashuka nimenuna mpaka midomo inauma. Nikategesha kiganja sikioni kama yeye, nikimdhihaki kabisa, na wenzangu madirishani wakaangua kicheko. Sikusikia kitu. Nikageuka nimwambie. Hapo ndipo nikaona kokoto za reli zinatetemeka.

Mzee akanidaka mkono, akanivuta nyuma. Kichwa cha treni kikachomoza konani, chenyewe kitupu, hakina hata behewa moja, mwendo wa kufa mtu, na honi ilipolia kilikuwa kimeshatufikia. Upepo wake ulinipandisha sketi na kunijaza mchanga mdomoni. Nikahesabu hatua kutoka reli hadi bampa la basi: kumi na mbili. Baadaye baba alinieleza kwamba kilitoka kuvuta treni iliyoharibika, na kichwa cha namna hiyo hakina siku wala saa.

Kisha Zaituni, rafiki yangu asiyejua kufunga mdomo, akachungulia dirishani: "Mwenzetu, hiyo ilikuwa ya kupanda au ya kushuka?"

Mungu wangu, tulicheka! Wengine walicheka huku machozi yanatiririka, Mwalimu Perpetua akiwemo. Mzee Ntandu alitazama tena kulia, akatazama tena kushoto, akapanda. "Haya, twende."

Tulifika saa tisa na dakika saba, wapinzani wameshapewa ushindi, wanacheza ngoma katikati ya uwanja. Tukarudi jioni mikono mitupu, na kabla Mzee hajagusa breki pale relini, sauti thelathini na nne zilipiga kelele: "Simama!"

Tangu hapo nimezunguka sana, miguu yangu haitulii. Nimeishi Tunduma, Geita, Tanga. Juzi nilirudi Manyoni kwa kaka yangu, na asubuhi nikamsindikiza binti yake kwenye basi la shule, nikaomba lifti. Basi zuri, viti laini, runinga ya katuni mbele. Tulipofika relini dereva akasimama vizuri kabisa, nikajikuta nimebana pumzi. Watoto hakuna aliyeinua kichwa.

"Unajua kwa nini tumesimama?" nikamnong'oneza.

"Dereva anasoma meseji, shangazi."

Basi nikamsimulia yote, kokoto, kichwa cha treni, mchanga mdomoni. Akanisikiliza, hata katuni akaisahau kidogo. Nilipomaliza akanitazama kwa huruma.

"Kwa hiyo shangazi, mlifungwa?"

"Tulifungwa, mwanangu. Tukarudi nyumbani wote thelathini na wanne, tunaimba."