Zénon Aliyekufa Mara Saba Bila Kusema

Audace kinyozi hakupenda kuhesabu, lakini alihesabu. Zénon alikuwa amekufa mara saba: tano kwa risasi, moja kwa kuanguka na farasi, na moja kwa kiu, amelala kifudifudi mavumbini. Mara zote saba hakusema hata neno moja, na watu wakamsifu.

Ni vifo vya filamu, na filamu zenyewe ni za kauboi, zinatengenezwa na Josphat, Mkenya anayefundisha chuo kikuu kule Westville. Hazina rangi wala sauti. Ni piano tu, na maneno machache yanayoandikwa kwenye kioo. Zénon alipata kazi hiyo kwa sababu ya farasi. Alipofika Durban kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuogesha farasi wa mashindano, na hata baada ya kuhamia kwenye ghala la Mobeni, farasi hawakumsahau.

Lakini aliyemfikisha kwa Josphat ni Audace mwenyewe, na hapo ndipo palipomuuma. Yeye ndiye aliyekwenda kutafuta nafasi. Zénon alimsindikiza tu. Audace akavishwa kofia pana, akaambiwa aingie mlangoni, atazame, atoke. Akaingia, akasalimia.

"Mzee, hapa hakuna sauti," Josphat akasema.

"Najua."

"Sasa unaongea na nani?"

"Na hao walio ndani. Mtu anaingiaje kwa watu bila kuwasalimia?"

Wakarudia mara nne, naye akasalimia mara nne. Ya tano Josphat akamwita yule bwana aliyekuwa pembeni, ameshika hatamu za farasi.

Sasa ni miaka sita. Wanafunzi wa Glenwood wakimkuta Zénon amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wanavua kofia. Akina mama wa kanisani wanasema yule baba ana macho. Macho gani? Audace alijiuliza akiwa ameshika mashine ya kunyolea. Macho kila mtu anayo.

"Zénon hasemi kwa kuwa hana la kusema," aliwaambia wateja. "Hiyo nayo iko kazi?"

Kwani yeye Audace ndiye aliyekuwa mdomo wa Warundi wa Durban. Miaka kumi na miwili hapakuolewa binti ila kwa maneno yake. Kwa hiyo Zénon alipokuja kinyozini akakaa, akasubiri mteja wa kiti cha pili aondoke, ndipo akasema, "Kaka, binti yangu Estella anaposwa. Utanisemea?", Audace alifurahi kuliko alivyoonyesha. Siku ya posa baba wa binti hafungui mdomo. Msemaji ndiye nyumba. Siku hiyo angalau, ukimya ungekuwa ukimya tu.

Wakakutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, pande mbili zikitazamana, chungu cha pombe ya mtama katikati na mirija yake, Estella amefichwa nyuma ya pazia. Desturi ni kwamba msemaji wa binti anakataa kwanza. Anasema hapa hakuna msichana, mmepotea njia, na watu wanacheka. Ni mchezo, na una mwisho wake: kukataa mara tatu kunatosha, kisha nyumba ya binti inakunywa, na kunywa ndiko kukubali.

Audace alianza vizuri. Mara ya pili ndipo alipoona simu. Zote zilielekezwa kwa Zénon, aliyekaa kimya na suti yake ya kijivu. Hata vijana wa upande wa pili walikuwa wanampiga picha. Audace akapandisha sauti. Akakataa ya tatu, ya nne, ya tano.

"Ndugu yangu," akasema msemaji wa upande wa mchumba, mwalimu mstaafu, "magoti yetu yamechoka."

"Basi rudini nayo mlikotoka. Mbeba maboksi wa Mobeni anataka binti wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Gaël, yule mchumba, kweli alibeba maboksi, na sasa alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu akachukua kofia yake. Watu wake wakaanza kuinuka, na pazia likatikisika.

Audace akatafuta neno la kuwarudisha, akalikosa. Alimwangalia Zénon kwa hofu, maana baba akijisemea mwenyewe amemfukuza msemaji wake hadharani. Neno moja tu, na Audace asingesimama tena ukumbi wowote.

Zénon akasimama. Akatembea polepole hadi kwenye chungu, mwendo ule ule ambao Audace aliujua na kuuchukia. Akainama, akashika mrija, akavuta funda refu mbele ya wote. Kisha akaugeuza mrija wa pili ukamwelekea Audace, akabaki ameinama hivyo, akisubiri.

Watu waliokuwa wanatoka wakasimama. Audace alielewa kwamba ametunziwa nafasi yake, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Akaja, akanywa.

"Nyumba hii imekunywa," akasema. "Binti ni wenu."

"Na yale ya maboksi?" Mwalimu alikuwa bado ameshika kofia.

"Yale ni yangu mimi, si ya nyumba. Nimeyafuta. Gaël, mwanangu, nisamehe."

Mwalimu akaketi. Vigelegele vikapanda, Estella akatolewa nyuma ya pazia, na mama mmoja akamwinamia jirani yake.

"Eish, umeona alivyotembea?"

Audace, mkono ukiwa bado kwenye mrija, hakuwa na haja ya kuuliza nani.