Njugu za Mwalimu Wabwile

Phelista hakuwa mtu wa kutupa kitu. Katika kibanda chake cha kutoa kopi mjini Kitale, karatasi iliyoharibika aliiweka kwenye katoni chini ya meza. Kila siku saa tatu Nimo, jirani yake muuza njugu, aliichukua katoni hiyo, akazikunja karatasi na kufungia njugu ndani yake. Miaka minne waliishi hivyo, na kila Idi Phelista aliletewa sahani ya pilau.

Asubuhi moja, saa tatu ikikaribia, alikuja Mwalimu Wabwile, aliyemfundisha darasa la tano kule Malakisi. Alitaka kopi ya kitambulisho kwa ajili ya pensheni yake. Kopi ya kwanza ilitoka imepinda, ingawa sura, namba na sahihi vilisomeka vyote. Phelista akaitia katonini, akatoa nyingine safi, akakataa malipo.

"Kwako mimi bado ni mwanafunzi," alisema.

Mwalimu akaenda kutafuta gari la Bungoma.

Saa nne akafika Festus wa bodaboda, uso umemshuka.

"Dada, ati nina laini tatu za simu! Mtu amezisajili kwa jina langu, anatapeli watu nazo. Polisi wa Saboti wananitaka mimi."

"Kitambulisho ulipoteza?"

"Hiki hapa. Si alipata kopi mahali, bana."

"Kopi zako huwa unatolea wapi?"

"Hapa kwako. Wapi tena?"

Phelista alichungulia chini ya meza. Katoni haikuwapo. Akatoka mbio.

"Nimo, usiuze tena! Fungua zote!"

"Wewe, nimefunga tangu saa tatu! Sasa wateja niwatilie njugu kwenye kofia?"

Hata hivyo Nimo alianza kumwaga njugu kwenye beseni, karatasi moja baada ya nyingine. Sura za watu zilifunguka mezani zikiwa na chembechembe za chumvi. Ya Mwalimu haikuwamo.

"Yule mzee wa sweta la kijani?" Nimo aliuliza. "Amenunua hapa akienda stendi."

Phelista akampigia Mwalimu simu.

"Mwalimu, zile njugu..."

"Tamu sana, ila chumvi imezidi kidogo."

"Karatasi yake je?"

"Phelista, niliwafundisha nini kuhusu kutupa takataka njiani?"

"Tutie mfukoni mpaka tufike nyumbani."

"Basi iko mfukoni."

"Ikunjue, tafadhali."

Karatasi ikachakarika simuni. Kisha mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimekula njugu kutoka usoni mwangu mwenyewe!"

Phelista hakuweza kucheka. "Nisamehe, Mwalimu. Ichane vipande vidogo vidogo."

"Nitaichana. Na wewe, kosa ukishaliona unafanyaje?"

"Ninasahihisha."

Alimnunulia Nimo furushi la magazeti ya zamani. Karatasi zilizoharibika wakazitia kwenye jiko la kukaangia njugu, wakasimama pamoja mpaka zikawa majivu. Lakini Mwalimu alikuwa mmoja tu. Wale wengine wa miaka minne angewapigia simu wangapi?

Festus alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki yake, kofia ngumu mapajani. Phelista akafunga kibanda saa sita mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Washa pikipiki," alimwambia. "Twende Saboti nikawaeleze polisi kopi zako zilikuwa zikienda wapi."

"Dada, si watakushika wewe?"

"Washa, Festus."

Nimo akamtilia Phelista njugu mkononi, bila karatasi.