Vidole vya Mpiga Video

Umma unatangaziwa kwamba mpiga video wa harusi ya dada yangu haamini otomatiki. Mashine, anasema, haina adabu: ukiiachia ijitafutie cha kulenga, itamwacha dada ihangaike na kofia ya shangazi. Kwa hiyo yeye hulenga kwa mkono. Vidole viwili havibanduki kwenye pete ya lenzi. Huizungusha kidogo, huirudisha, ulimi umemtoka pembeni, jasho linadondokea tai. Kila dakika hujifuta kiganja kwenye suruali na kunong'ona, "Usinitoroke, usinitoroke." Mjomba alipomshauri aiache kamera ijilengee yenyewe, alimtazama kama aliyetukaniwa mama.

Bibi yetu alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali kwa saa mbili tu. Alipojiinua kwenye kiti cha magurudumu ambusu dada, mpiga video aliizungusha ile pete kama anayefunga mtungi wa gesi unaovuja. Baba alisahau kupumua. Bibi akaketi, akarudishwa wodini.

"Fundi, hajatoka na ukungu?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

Mpiga video alikikodolea macho kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Ametoka safi, mzee. Kumbe ilikuwa kwenye otomatiki tangu asubuhi."