Lango la Maji Nyuma ya Rosettenville

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye ule mfereji wa zamani nyuma ya mtaa wa Rosettenville, nikakuta lango lake la maji limepakwa rangi ya kijani kama geti la tajiri. Wamelichomelea lisifunguke wala kufungwa, wameweka ubao wa historia, na watu wanakunywa kahawa wakilitazama. Ubao umetaja wahandisi na migodi. Bibi yangu hayumo. Walioandika ule ubao siwahesabu kuwa watu wa maana.

Ungeuona ukingo ule tulipokuwa watoto! Bibi, aliyetoka Uvira mikono mitupu, alilima pale mboga za lengalenga, mchicha wa kwao, na matembele, na ndizo tulizokula nyumbani, watu sita. Alfajiri tulichuma majani yenye umande, vidole vikinuka udongo, huku taksi zikipiga honi barabarani. Lango likiwa wazi, maji yalipita chini taratibu. Likifungwa, yalipanda hadi kwenye matuta.

Mchungaji wetu alilijua hilo vizuri. Lakini kwake ubatizo si ubatizo mpaka mtu azame na nywele zake, na isitoshe alipenda kupigwa picha kwenye maji mengi. Basi Jumapili moja akazungusha gurudumu la lango, akalifunga bila kumuuliza mtu, akaingia majini na kanzu yake nyeupe, waumini wakiimba.

Bibi alifika akakuta miche imeanza kuelea.

"Pasta, fungua maji. Bustani yangu inazama."

"Maman, vumilia kidogo, tumebakisha watu wawili tu!"

"Hao wawili wajimwagie na beseni. Miye niko na watu sita ya kulisha."

Akalizungusha gurudumu mwenyewe. Maji yakakimbia yote, mchungaji akabaki kwenye tope, kanzu imemganda mapajani, mkono bado uko hewani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bado namcheka.

Nusu ya bustani ilipona. Bibi akatengwa kanisani, ikakatazwa hata kumsalimia. Ila jioni waumini walewale walituma watoto wao mlango wa nyuma kuomba lengalenga, mke wa mchungaji akiwa wa kwanza, na bibi aliwapa. Sikumwelewa wakati ule, na hadi leo simwelewi.

Alipofariki, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwenye kilio. Siku hizi ukingo ule ni nyasi za kukatwa na mashine, na waumini wale nikikutana nao mtaani Hillbrow wananiuliza, kwa sauti tamu kabisa, lengalenga nzuri zinapatikana wapi.