Patron wa Vénantie

Naitwa Désiré, dereva wa basi, na nianze kwa kusema ukweli: mimi ni mtu wa kushuku. Sioni aibu. Mtu aliyetoka Uvira, kule Congo, roho mkononi, akakaa kambini miaka sita, halafu akaja kuishi Norsborg, huku kwa Waswidi, ambako jirani husubiri ngazi iwe tupu ndipo atoke mlangoni kwake, mtu huyo asiposhuku ana kasoro. Kwa hiyo msinicheke mapema. Mtacheka, lakini ngojeni.

Habari yenyewe ni ya mke wangu, Vénantie. Mkipishana naye kituoni hamtageuka kumtazama: mama wa miaka hamsini, mfupi, koti la bluu, begi mgongoni. Kazi yake ni kuwazungukia wazee wanaoishi peke yao kule Spånga. Anawaogesha, anawapa dawa, anawapashia chakula moto. Wanampenda kwa sababu hana haraka. Jumapili anaimba kwaya, sauti ya pili. Nyumbani haongei sana. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa hajawahi kuninunia zaidi ya siku moja, na hilo nalo nimelishuku mara nyingi.

Sasa, tangu baridi ya mwaka juzi, Jumamosi zake zilianza kupotea. Akimaliza kufua anavaa koti, anasema anaenda kwa Ghislaine, rafiki yake wa kanisani, anarudi jioni. Jumamosi moja nikamkuta huyo Ghislaine dukani hapa Norsborg, yuko peke yake, anachagua ndizi za kupika. Aliponiona akashtuka mpaka ndizi zikarudi kwenye kreti. Sikumuuliza kitu. Mtu wa kushuku haulizi, anakusanya.

Nikakusanya. Koti la Vénantie lilikuwa na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Nikasema, aha, huyo mwanamume anavuta sigara. Mfukoni nikakuta vizibo viwili vidogo vya manjano vya kuziba masikio. Kumbe anakoroma pia! Na kama anakoroma, maana yake analala, na kama analala, analala wapi? Halafu kulikuwa na alama nyekundu kwenye mkono wake wa kulia, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Hiyo nilishindwa kuielewa, nikaiweka akiba.

Nikamwendea binti yetu Arielle, ana miaka kumi na tisa, yuko chuoni. "Mama yako anaenda wapi Jumamosi?"

"Men fråga henne då," akanijibu kwa Kiswidi chake, yaani si umuulize mwenyewe. Hata macho hakuyainua kwenye simu. Nikajua huyu naye wameshamweka upande wao.

Kilichonimaliza ni maongezi ya simu. Vénantie alikuwa jikoni akikatakata sombe, majani yetu ya muhogo, simu kaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, anaongea na Ghislaine. Mimi nilikuwa kwenye korido, navua viatu polepole kuliko viatu vinavyohitaji.

"Ghislaine, ile ya makumi ine na tano iko na nguvu, wee! Inanisukuma mpaka mu bega. Ninayipenda, sitakudanganya. Lakini patron yake ni bei ya kupita, siwezi kila juma. Ile ya kenda iko pole, patron yake ninaiweza. Hiyo nitaishi nayo."

Wasomaji wa pwani na wa bara mtaniambia: ameshasema "ile", basi ni kitu, si mtu. Ninyi ndiyo mmesoma. Sisi kwetu, "ile" ni ya kiti, ya mbuzi, na ya mtu pia. "Ile mutu", tunasema, na hakuna anayekufa. Kwa hiyo nilisikia nilichosikia. Mwanamume wa miaka arobaini na tano, mwenye nguvu, mdogo kwangu kwa miaka minane. Na huyo mwingine, wa kenda, wa tisa! Yaani wanane walikuwa wametangulia! Na juu yao wote kuna patron. Kwetu patron ni bosi, mwenye mali, yule anayekaa ndani ya gari vioo vimefungwa na kutuma watu. Mke wangu anamlipa bosi fulani, na bosi wa huyu ni ghali, bosi wa yule ni nafuu. Biashara gani hiyo?

Nilivaa tena viatu nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila koti. Sitawaficha: niliogopa. Si patron niliyemwogopa. Niliogopa kuachwa. Watu wengi wa kwetu wameachana hapa, na kila mmoja wao alikuwa wa mwisho kujua.

Jumamosi iliyofuata nikaomba likizo ya siku moja. Vénantie akapanda treni nyekundu, mimi nikapanda behewa la nyuma yake, kofia mpaka kwenye nyusi. Kwenye kituo cha Slussen akabadilisha akachukua ya kijani, nami nikabadilisha. Akashuka Farsta. Hakuingia madukani. Akapita nyuma, penye karakana za magari, akafika kwenye jengo la matofali lisilo na dirisha hata moja, akabonyeza namba mlangoni, akaingia. Jengo lisilo na dirisha! Jamani, ningefikiri nini?

Nilisimama nje robo saa nikipanga maneno. Akaja mtu na begi refu, akafungua, akanishikilia mlango kwa adabu kana kwamba ananifahamu. Nikashuka ngazi. Chini kulikuwa na chumba kidogo chenye sofa kuukuu, birika la kahawa na mzee wa Kiswidi mwenye ndevu nyeupe, ameketi nyuma ya meza. Tumbo kubwa, saa kubwa, funguo kiunoni. Nikasema moyoni, ndiye huyu.

"Unamsubiri Vénantie?" akaniuliza kwa Kiswidi. "Ameingia sasa hivi. Nimempa patron zake."

Nikaisogelea meza. "Wewe ndiye patron?" nikamuuliza.

Akanitazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, kisha akacheka. "Hapana. Mimi naitwa Mikael, mwalimu wa hapa." Akachukua kijisanduku kutoka rafuni, akakifungua, akatoa kitu kimoja akakiweka katikati ya kiganja changu. "Det här är en patron," akasema. Hii ndiyo patron.

Ilikuwa risasi. Nzima, ya shaba, nzito kidogo kuliko inavyoonekana. Miaka kumi na sita naendesha basi katika mji huu, nimejifunza Kiswidi cha tiketi, cha breki na cha walevi wa Ijumaa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bosi wa Kifaransa ni risasi kwa Kiswidi.

Kabla sijafumba mkono, nyuma ya ukuta ikalia. Pa. Pa-pa. Nilichofanya baadaye sikukifanya mimi, ulikifanya mwili. Nilijikuta kifudifudi chini ya meza ya Mikael, shavu sakafuni, mikono kichwani. Nilisikia Mikael akipaza amri na milio ikakoma. Mlango ukafunguka. Nikaona viatu vya mke wangu.

Hakuniuliza nimefikaje. Alivua vifuniko vikubwa vya masikio, vya kuzuia mlio, akaketi sakafuni na koti lake lote, akaweka mkono mgongoni kwangu. Tulikaa hivyo mpaka Mikael akamaliza kutengeneza kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Papa Arielle," akasema mwishowe, "mwaka mupya, wakipiga fataki, wewe unakaa mu douche, umefungula robinet ya maji juu usisikie milio. Ningekuambia namna gani?"

Ndipo nikayasikia yote, juu ya sofa, kikombe mkononi. Ghislaine ndiye aliyempeleka mara ya kwanza, maana mume wa Ghislaine ni mwindaji na alikuwa amemzoesha bunduki. Ghislaine akachoka baada ya wiki tatu. Vénantie akabaki. Alianza na bastola ndogo za klabu hiyo ya shabaha, akalenga mwaka mzima kwenye karatasi, akapita mitihani yote mpaka akapewa beji ya dhahabu, ambayo ilikuwa ndani ya boksi la nyuzi zake za kushonea, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo sikuwahi kupekua. Sasa klabu imemwandikia cheti cha kuombea leseni polisi, awe na bastola yake mwenyewe, ile inayojipakia risasi kila unapofyatua. Mikael alimjaribisha mbili. Moja ya kipimo cha arobaini na tano, ina nguvu, inapiga kama nyundo, na ndiyo iliyomwachia ile alama nyekundu mkononi. Nyingine ya milimita tisa. Kubwa aliipenda, lakini risasi zake karibu mara mbili ya bei, na mshahara wa kuogesha wazee tunaujua.

"Mikael anasema bastola yenye unashindwa kuilisha ni chuma tu," akasema. "Njo maana nimechagua ya kenda."

"Umeshaomba leseni?"

Akafungua begi lake, ambalo halimtoki mgongoni, akatoa bahasha. Fomu zimejazwa, kila kitu kipo. Zilikuwa na miezi minne humo ndani.

"Itapashwa kukaa kwetu, mu kabati ya chuma. Siwezi kuituma bila wewe kukubali."

Basi nikamuuliza swali nililodhani nina jibu lake. Nilisema kwa upole, kama mtu mwema: "Ni juu ya Uvira? Ni juu ya vile vitu tuliona?"

Akanikazia macho, na hapo nikaona hasira ambayo miaka ishirini na minne alikuwa hajaitoa. "Kila mutu hapa, nikisema Congo, anataka nilie. Sasa na wewe? Hapana, papa Arielle. Niko muzuri kwa hii, njo maana. Minasimama, minapumua, minapiga kati-kati. Tangu tulifika hii inchi, wananisifu juu ya uvumilivu tu. Vénantie ana uvumilivu. Mbuzi pia iko nao! Hapa Mikael anatazama karatasi yangu ananyamaza. Unajua vile inafurahisha, mutu kunyamaza juu yako?"

Nikaweka kikombe chini.

"Ukikataa, ninapasua hizi karatasi leo, sitakusumbua tena. Lakini uniambie kweli. Unaogopa bastola, ao unaniogopa mimi?"

Ningeweza kusema bastola. Nilikuwa na ushahidi, bado nilikuwa na vumbi la sakafu shavuni. Mikael angenielewa, kanisa zima lingenielewa, naye angezipasua mbele yangu na kurudi kwenye Jumamosi za kufua nguo. Lakini nilikuwa nimemfuata toka Norsborg mpaka Farsta, na sikufuata bastola.

"Wewe," nikasema. "Niliogopa una kitu kizuri na mimi simo."

"Ni kweli haumo," akajibu. "Lakini hii ni yangu. Si juu ya kukuacha."

Bahasha tuliitia postani pamoja, tukirudi. Sitadanganya kwamba nilifurahi. Niliitia kama mtu anayetia jino lake mwenyewe kwenye koleo.

Polisi walichukua muda wao, kisha leseni ikaja. Kabati la chuma nililifunga mimi kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kwa boliti nne, jasho likinitoka. Nilipomaliza nikamuuliza namba ya siri, kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa.

"Hapana. Sheria inasema mwenye leseni peke yake."

Mke na mume, chumba kimoja, na kabati ambalo sitalifungua maisha yangu yote! Mimi, niliyepekua kila mfuko wa kila koti ndani ya nyumba ile!

"Geuka," akasema.

Nikageuka nikatazama ukuta. Nikasikia kitufe cha kwanza, tii, na cha pili, tii, na kichwa changu kikaanza chenyewe kupima: mlio huu umetoka juu, huu umetoka chini. Nilijijua. Vitufe viwili zaidi, namba nzima ningekuwa nayo. Basi nikaanza kuimba. Wimbo wa kwaya, sauti ya kwanza, kwa nguvu zote, mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Niliimba ubeti wote, nikaanza wa pili. Vénantie alikuwa amefunga kabati zamani, anasema tayari, tayari, nami sisikii, mpaka akaja akanigusa bega.