Mwanafamilia wa Mfano

Kila cherehani iliyopita mikononi mwa Bi Fundi ilitoka na cheti cha kupona. Kilikuwa kipande cha kitambaa chenye urefu wa kidole, kimeshonwa mistari mitatu ya majaribio na chini yake namba ya kazi kwa uzi mwekundu. Alikifunga chini ya mashine, mahali ambapo mteja hatazami mpaka iharibike tena. Mteja akirudi na lawama, Bi Fundi huilaza mashine ubavu, husoma namba, kisha humweleza kwa upole kwamba kazi hii ni ya miaka minne iliyopita, mama, na kuna ndoa ambazo hazijafika huko.

Alifanyia kazi katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la zipu na vifungo, chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya mashine isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Hapo ndipo alipoanza kujirekodi. Hakutafuta umaarufu, alichoka tu kurudia maneno. Washonaji walimpigia simu mchana kutwa kuuliza mambo yale yale: cherehani inaruka mshono, uzi unakatika chini, sindano zinavunjika kama njiti. Mume wake akakunja waya wa hanga ukawa kishikio cha simu, na Bi Fundi akaanza kuonyesha mikono yake ikifanya kazi. Uso hakuuonyesha hata mara moja. Alisema uso hautengenezi cherehani.

Chaneli aliiita Cherehani Yako Haijafa. Miaka miwili baadaye ilikuwa na wafuasi elfu nne na kidogo, wengi wao wakitazama huku wameshika bisibisi. Kwa sababu hiyo, kila aliposema "legeza skrubu hii," alinyamaza na kungoja, ili mtu wa upande wa pili alegeze ya kwake. Wataalamu wa mambo ya video wangelia wakiuona ukimya ule. Washonaji waliupenda. Mmoja aliandika kwamba Bi Fundi ni mtu pekee maishani mwake anayempa nafasi ya kumaliza jambo.

Basi asubuhi moja akafungua simu akakuta barua kutoka jukwaa la video. Video yake iliyotazamwa kuliko zote, ile ya kurekebisha ndoano inayodaka uzi chini ya sindano, ilikuwa imefungwa. Sababu: ilikuwa na maudhui ya mmiliki mwingine. Angeweza kupinga, barua ilisema kwa adabu, lakini pingamizi lingepelekwa kwa mmiliki huyo ili aamue mwenyewe. Bi Fundi akishindwa, chaneli yake itapewa onyo. Maonyo matatu, chaneli yote inafutwa, pamoja na ukimya wake wote.

Bi Fundi aliisoma mara tatu. Kisha akampelekea wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechapa mikataba ya watu waliokuwa na furaha siku ya kutia saini, na baadaye akachapa malalamiko ya watu wale wale. Kazi hiyo ilikuwa imemtoa imani yote na kumwachia ucheshi.

"Kwa hiyo wifi," alisema baada ya kusoma, "umeibiwa, na mwizi ndiye hakimu. Hongera. Umeingia kwenye dunia ya wakubwa."

Bi Fundi hakucheka. Video ile aliirekodi asubuhi mbili, na mpaka siku hiyo wanawake ambao hajawahi kuwaona walikuwa wakiitegemea kumaliza sare za shule za watu. Alitaka irudi. Mengine yote, alisema, wifi anaweza kuyacheka atakavyo.

Haikupita wiki, mkombozi akajitokeza. Ulikuwa ujumbe kutoka mtandao wa chaneli. Kwa asiyemjua mnyama huyu, ni kampuni isiyotengeneza video hata moja. Yenyewe inawakusanya wanaotengeneza. Wewe mdogo unaingia chini ya mwavuli, unakubali wakate sehemu ya mapato yako, nao wanakupa ushauri, matangazo na, juu ya yote, ulinzi. Ujumbe ulimwita Bi Fundi "mbunifu mwenzetu." Ulisema wameifuatilia safari yake kwa mapenzi. Ulisema wao si kampuni, ni familia.

Wifi alisema familia anayo moja tayari na haijamsaidia kitu. Lakini Bi Fundi alikuwa ameganda kwenye neno ulinzi. Mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake hachagui sana nani amletee ngazi. Akaamua kwenda. Wifi akampa sharti moja tu: asitie saini huko huko. Mkataba auchukue, aulete nyumbani, wausome pamoja.

Ofisi za namna hii zinafanana katika kila mji. Kuna ukuta mmoja wenye rangi ya kupiga kelele, mmea wa plastiki unaomwagiliwa sifa, viti laini ambavyo ukikaa huinuki bila msaada, na maneno ya kutia moyo yaliyobandikwa mpaka chooni. Aliyempokea alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi. Kadi yake ilisema Meneja wa Furaha ya Wabunifu. Alimwita Bi Fundi mama, akamletea maji, akamkalisha kwenye kiti kimojawapo cha kutoinuka, na akaanza kumvisha kilemba cha ukoka.

Sauti yake ni tulivu. Mikono yake ni ya kipekee. Tatizo dogo tu, mama, ni ukimya. Ukimya unafukuza watu. Tutaweka muziki hapo. Tutakata. Tutaweka na uso kidogo, watu wanapenda uso. Bi Fundi alimsikiliza kama anavyosikiliza cherehani mbovu, akingoja itaje yenyewe ilipoharibika. Mwisho akauliza kuhusu ulinzi.

Meneja alikuwa akilisubiri swali hilo. Alieleza kwamba mtandao una mfumo usiolala. Kila video ya mwanafamilia inaingizwa humo, na yeyote duniani atakayeonyesha kitu kinachofanana nayo anakamatwa siku hiyo hiyo. Kisha, ili asionekane anapiga porojo, akasema atamwonyesha mfano: mwanafamilia wa fani ya Bi Fundi kabisa, aliyeanza mdogo kuliko yeye na sasa ana wafuasi laki tatu.

Akawasha skrini ya ukutani.

Kwanza ulikuja muziki, wa kasi ya mtu anayekimbizwa. Ikaja sauti ya mwanamume mchangamfu ikisema karibuni tena mafundi wangu. Kisha ikaja mikono. Ilikuwa ikilegeza skrubu ya ndoano kwa bisibisi yenye mpini wa kijani, na kwenye kidole cha shahada cha kushoto ukucha ulikuwa umegawanyika katikati, kama ukucha ambao sindano ya cherehani iliwahi kupita ndani yake siku moja na haukusahau.

Bi Fundi akautazama ukucha ule ukutani. Kisha akautazama pajani mwake.

"Angalia mikono hiyo," alisema meneja, akiwa ameelekea skrini. "Huyu jamaa anaijua kazi. Ukimwangalia tu unajua hiki ni kipaji cha kuzaliwa. Ndicho tunachokitaka kwako, mama. Ufikie hapa."

Bi Fundi alikubali kwamba mikono ni mizuri. Akauliza kama huyu naye analindwa na mfumo. Meneja akajibu kwa fahari kwamba huyu ndiye aliyelindwa wa kwanza. Kuna watu walikuwa wamemwibia video hii hii, wakafungiwa juzi tu. Bi Fundi akasema pole yake, na akaomba waitazame mpaka mwisho.

Mwanafamilia wa mfano alikuwa amekata ukimya wote. Alikuwa amekata sauti ya Bi Fundi, dirisha lake na jina la chaneli yake. Lakini mwishoni, kwa sababu hakuwahi kutengeneza cherehani na hakujua kile ni nini, alikuwa ameacha kipande cha kitambaa chenye urefu wa kidole. Mistari mitatu, na namba 212 kwa uzi mwekundu.

"Mwanangu," alisema Bi Fundi, "hiyo namba inamaanisha nini?"

Meneja alidhani ni aina ya mtindo. Alama ya msanii.

Bi Fundi akatoa kwenye mkoba daftari lake la kazi, akafungua ukurasa, akamsomea: mia mbili na kumi na mbili, cherehani ya mshonaji wa sare, inaruka mshono, ndoano imehama. Halafu akaunyanyua mkono wake wa kushoto na kuulaza juu ya meza ya kioo, kidole cha shahada mbele, chini kabisa ya skrini ambamo mkono ule ule ulikuwa umeganda. Alinyamaza kama anavyonyamaza kwenye video zake, mpaka mtu wa upande wa pili amalize.

Meneja wa Furaha alimaliza polepole. Furaha ilianza kumtoka kwenye mabega. Alisema lazima kuna kutoelewana. Alisema mtandao hauwezi kuingilia ugomvi wa wanafamilia. Akakumbuka kwamba Bi Fundi bado si mwanafamilia. Basi atie saini, akasema huku uso ukirudiwa na matumaini, halafu suala lote litatatuliwa ndani, kifamilia. Pengine hata watengeneze video pamoja, yeye na huyo jamaa. Watu wangependa sana.

"Yaani niingie kwenu kwanza," alisema Bi Fundi, "ndipo mnirudishie nilichokuja nacho."

Meneja alikubali kwamba likisemwa hivyo halisikiki vizuri.

"Mimi sitii saini kwenye karatasi ya mtu anayedai video yangu ni yake. Ondoa dai lako, andika humo kwenye mfumo wenu kwamba ni yangu. Halafu nipe mkataba, wifi yangu ausome."

Kijana aliangalia mlango wa bosi wake, akaangalia ubao uliokuwa na hesabu ya chaneli zilizosajiliwa mwezi huo, ambao ulikuwa mweupe kuliko viatu vyake. Siku tatu zilikuwa zimebaki mwezi uishe. Akavuta kompyuta, akabonyeza hapa, akathibitisha pale, na kwenye nafasi ya mmiliki akaandika Cherehani Yako Haijafa. Simu ya Bi Fundi ikatetemeka mkobani: video imefunguliwa. Aliisoma ile habari mara tatu, kama alivyoisoma ya kwanza. Kisha akaupokea mkataba, kurasa kumi na sita, akashukuru kwa maji, na akainuka kwenye kiti kile bila msaada.

Mfumo, kama alivyoahidiwa, haukuwa unalala. Ulipoambiwa mmiliki ni nani, ukaanza kumtafuta mwizi, na kabla Bi Fundi hajafika nyumbani ulikuwa umemkamata. Mwanafamilia wa mfano, mwenye wafuasi laki tatu na kipaji cha kuzaliwa, alifungiwa video yake bora na familia yake mwenyewe. Wifi alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akaomba kiti.

Halafu wakausoma mkataba, kwa sababu ahadi ni ahadi. Wifi alisoma kwa sauti. Muda ni miaka mitatu, na unajirudia wenyewe usipokataa kwa barua siku tisini kabla. Video zote, zilizopita na zijazo, mtandao unaweza kuzikata na kuzitumia upendavyo. Sauti pia. Walipofika ukurasa wa nne wifi akasema yeye ameshaumaliza, kwa sababu ameuchapa mara mia, jina tu ndilo linabadilika.

Lakini karatasi ilikuwa nzuri, nene na laini, na fundi hatupi karatasi kama hiyo. Ukitaka kujua kama cherehani inashona sawasawa, unatoa uzi na kupitisha karatasi tupu chini ya sindano. Matundu yatakwambia ukweli kabla ya kitambaa. Kwenye video mpya ya Bi Fundi, mwenye macho makali anaweza kuona ukurasa wa haki za kampuni ukitobolewa mistari minyoofu kabisa. Kisha Bi Fundi anasema "sasa jaribu na wewe," na ananyamaza.

Meneja bado anapiga simu kila Jumatatu, kuuliza kwa heshima kama wifi ameshamaliza kuupitia.

"Tuko ukurasa wa tisa, mwanangu," humjibu Bi Fundi. "Hatutaki haraka."